Nani Huyu? Picha za Njia ya Misafara ya Tabora na Majina ya Waliochorwa

Habari za njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hata Tabora, na kutoka Tabora ikashika magharibi mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika, zimeandikwa mara nyingi na kwa lugha nyingi. Waandishi wamehesabu pembe za ndovu zilizoshuka pwani na majora ya nguo yaliyopanda bara. Wameeleza vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, kuanguka kwa Mtemi Isike mwaka 1893, na taabu za wapagazi na watumwa. Walakini iko hazina moja ambayo aghalabu hupitwa mbio, nayo ni picha. Picha hutiwa kitabuni kama pambo la kumpumzisha msomaji macho, kisha maneno yakaendelea kana kwamba picha haikusema kitu. Kumbe picha nayo ni shahidi, na kila shahidi hapana budi aulizwe maswali kabla ya kusadikiwa.

Swali la kwanza ambalo mtu wa kawaida huuliza akionyeshwa picha ya watu si swali la rangi wala la ufundi wa mkono. Huuliza: nani huyu? Mtoto akifunguliwa kitabu huuliza hivyo, na bibi akiletewa picha za arusi ya mjukuu huuliza hivyo hivyo, kidole chake kikipita juu ya nyuso moja baada ya moja. Wajuzi wa sanaa huweza kulidharau swali hili na kuliona la kitoto. Lakini kwa picha za njia ya Tabora hakuna swali zito kuliko hili, kwa sababu njia ile ilichukua sura za watu wengi sana na kuyaacha majina yao porini. Yafaa basi kulifuata swali hilo tangu michoro ya wasafiri wa karne ya 19 mpaka kazi za wasanii wa zama hizi, na kuona limejibiwa na nani, na nani amelikwepa.

I. Maneno kabla ya picha

Kabla ya kuzitazama picha zenyewe, maneno ambayo Kiswahili huzitajia yastahili kuchunguzwa, kwani historia yake imo ndani yake. Neno "picha" ni mgeni wa karibu, limetoka katika Kiingereza. "Chapa" limevuka bahari kutoka Bara Hindi. "Rangi" ni la Kiajemi. "Nakshi" na "sanamu" ni ya Kiarabu, na hili la pili lilikuja na kivuli cha maana ya mungu wa uongo, kivuli ambacho mpaka leo hakijaondoka kabisa katika masikio ya wazee wa pwani. Kila neno lilifika pamoja na kazi yake: nakshi na milango, chapa na mashine, picha na vitabu vya shule.

Lakini "kuchora" ni neno la Kibantu. Maana yake ya zamani ni kukata kwa ncha, kutia alama juu ya kitu kigumu, na ndiyo sababu neno moja hilo liliweza kutumika kwa nakshi ya mlango, kwa alama juu ya ngozi na kwa kalamu juu ya karatasi. Hili latufundisha jambo. Vyombo vya picha vilikuja kutoka nje na majina yake, lakini tendo lenyewe la kuacha alama yenye maana lilikuwapo, likawa na neno lake. Anayedai kwamba watu wa njia ya misafara walifundishwa na wageni kutazama picha, lugha yenyewe yampinga.

II. Mikono mitatu

Mwezi Januari 1861 John Hanning Speke na mwenziwe James Augustus Grant walifika Kaze, kama Tabora ilivyoitwa siku zile. Speke alikuwa amekwisha kufika hapo mara ya kwanza mwaka 1857, pamoja na Richard Burton. Safari hii ya pili ilikwama. Vita baina ya Manwa Sera na Waarabu vilifunga njia, wapagazi hawakupatikana, na wageni wote wawili wakaugua. Grant alikaa Unyamwezi kwa miezi mingi, na katika kukaa huko alichora kwa penseli na kwa rangi za maji: watu, mapambo ya nywele, vyombo vya nyumbani, mimea na ngoma.

Kitabu cha Speke kilipochapishwa mwaka 1863, picha nyingi zilitajwa kuwa zimetokana na michoro ya Grant. Hilo ni kweli, ila si kweli yote. Michoro ile ilikabidhiwa Johann Baptist Zwecker, mchoraji Mjerumani aliyekaa London na ambaye hakuwamo katika safari, naye akaichora upya ili ipendeze macho ya wanunuzi wa vitabu. Kisha ilipewa fundi wa kuchonga. Kazi ya fundi huyu ilikuwa kuuchimba ubao wa mti mgumu, akiondoa kila mahali pasipo na mstari na kuacha mistari yenyewe imeinuka ipate kushika wino. Kwa hiyo picha moja ilipita mikono mitatu kabla ya kumfikia msomaji, na katika mikono hiyo mitatu ni mmoja tu uliokuwa wa mtu aliyeona. Misuli ikaongezwa, mikao ikabadilishwa ifanane na sanamu za Wayunani, na msitu wa miombo ukajazwa majani ya nchi isiyojulikana.

Iko katika kitabu hicho picha ya Grant akicheza ngoma na Ukulima, mtemi aliyemkaribisha. Ni picha ya furaha, na yafaa isifiwe kwa kuwa ndani yake mgeni hasimami juu ya wenyeji bali anacheza nao. Mtazamaji akiuliza nani huyu, atajibiwa mara mbili: huyu ni Grant, na huyu ni Ukulima. Akiendelea kuuliza juu ya waliosimama pembeni, jibu limekwisha. Kanuni ya picha za njia ya misafara yaanza kuonekana hapa: jina hutolewa kwa mgeni na kwa mwenye enzi, na waliobaki ni umati.

III. Shahidi aliyejiapisha

Picha mashuhuri kuliko zote za njia hiyo ni ile ya kukutana kwa Henry Morton Stanley na David Livingstone huko Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Stanley aliandika kwamba ilikuwa tarehe 10 Novemba. Daftari ya Livingstone inaelekea mwisho wa Oktoba, kwani wote wawili walikuwa wamepotewa na hesabu ya siku kwa sababu ya maradhi. Stanley alikuwa amekaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Juni. Akajiunga na Waarabu katika vita na Mirambo, wakashindwa. Akaondoka Septemba kwa kuzunguka kusini. Mwezi Februari 1872 alirudi Kwihara pamoja na Livingstone, na Livingstone akabaki katika tembe la hapo mpaka Agosti.

Mwaka huo huo wa 1872 picha ya makutano ilichapishwa London, katika gazeti la Illustrated London News na katika kitabu cha Stanley mwenyewe. Wazungu wawili wameinua kofia, wametazamana. Bendera ya Marekani imesimama nyuma ya Stanley. Upande mmoja wapo wenye vilemba na kanzu, upande wa pili wenye bunduki na mizigo. Jambo la ajabu ni kwamba Stanley aliandika ushuhuda wake kuhusu picha iliyotolewa gazetini, akathibitisha kwamba ni sahihi sawasawa na ambayo ingepigwa kwa mashine ya fotografia papo hapo. Yaani aliyekuwa amesimama katikati ya picha ndiye aliyetoa vifaa vya kuichora, na ndiye tena aliyeiapia. Hapana kadhi ambaye angemkubali shahidi wa namna hiyo bila ya kumwita mwingine.

Na wengine walikuwapo. Katika maneno ya kitabu chake Stanley mwenyewe anawataja. Aliyetoka kwanza mjini kumlaki alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, kisha Chuma. Miongoni mwa Waarabu waliosimama na Livingstone anawataja Muhammad bin Sali na Muhammad bin Gharib. Upande wa Stanley alikuwapo Selim, mfasiri wake kijana kutoka Yerusalemu, na Bombay, yaani Sidi Mubarak, Myao aliyekwisha kuijua njia hiyo pamoja na Burton na Speke kabla Stanley hajaijua. Basi majina yalijulikana. Hayakupotea kwa kusahauliwa. Yaliachwa upande wa maneno, na picha ikaenda ulimwenguni bila ya hayo. Na kwa kuwa watu hukumbuka picha kuliko maneno, vizazi vimekua vikijua kwamba siku ile Ujiji walikuwapo watu wawili.

IV. Kijana aliyefanywa picha

Mfano ulio mchungu zaidi ni wa kijana mmoja ambaye jina lake lilibadilishwa Kwihara. Kabla ya Stanley kuondoka Septemba 1871, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa zawadi mtoto mtumwa. Stanley aliandika jina lake kuwa "Ndugu M'Hali" na kulifasiri kama mali ya ndugu. Mwenye kukijua Kiswahili ataona mara moja kwamba maneno hayo hayakukaa kwa mpango wa lugha. Ama jina lilikuwa la lugha nyingine ya bara likageuzwa na sikio la mgeni, ama ni neno la mnada lililoshikamana na mtoto hata likafanywa jina. Stanley hakulipenda. Akawauliza watu wake, nao wakapendekeza Kalulu. Yeye aliambiwa kwamba ni mtoto wa paa. Katika lugha kadhaa za bara ya kati kalulu ni sungura. Hata tafsiri ya jina jipya, basi, haikutulia.

Kalulu alichukuliwa hadi London mwaka 1872. Huko alipigwa picha pamoja na Stanley ndani ya chumba cha fotografia, mbele ya pazia lililochorwa, Stanley akiwa na mavazi yake ya safari. Picha iliuzwa. Sanamu yake ya nta ilisimamishwa karibu na ya Stanley katika jumba la Madame Tussaud. Mwaka 1873 jina lake likawa kichwa cha hadithi aliyoitunga Stanley kwa ajili ya vijana. Mwaka 1877, katika safari nyingine ya bwana wake, alizama katika mto Kongo, na maporomoko yaliyommeza yakapewa jina lake.

Mtazamaji wa leo akiiangalia ile fotografia, hawezi kuacha kuvutwa na macho mawili kwa wakati mmoja. Jicho moja humwona kijana mzuri wa sura, amesimama kwa utulivu. Jicho la pili huliona pazia: nchi ya bara imechorwa juu ya kitambaa, ndani ya nyumba, katika mji wa mvua, na aliyetoka katika nchi ya kweli amewekwa mbele yake ili aithibitishe. Mtu yule yule alifanywa zawadi, jina, picha, sanamu, kitabu na maporomoko ya maji. Kitu kimoja tu hakukipata katika hivyo vyote, nacho ni jina alilopewa na mama yake.

V. Waliojenga kibanda

Isidhaniwe kwamba watu wa njia ya misafara walikuwa siku zote wa kuchorwa tu. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili na kuuchukua mpaka pwani. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Mwili ukaendelea kushuka kwa njia ile ile ya Tabora, ukawasili Bagamoyo Februari 1874, na kuzikwa katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili.

Baada ya mazishi Susi na Chuma waliitwa Uingereza, wamsaidie Horace Waller kuzitayarisha daftari za mwisho za Livingstone. Walipokuwa huko walitengeneza mfano wa kibanda ambamo bwana wao alifia. Kazi hiyo imetajwa na wengi kama kielelezo cha uaminifu wao, kisha ikaachwa. Yafaa iangaliwe upya. Watu wawili wa njia ya misafara walisimamisha kibanda cha bara katika nchi ya Kiingereza, kwa mikono yao na kwa kumbukumbu yao, ili wengine waje watazame na kufahamu. Siku hizi kazi ya namna hiyo, inayosimikwa mahali ili mtazamaji aizunguke na kuingia ndani ya habari yake, huhesabiwa kuwa aina ya sanaa na kutengewa kumbi zake. Mwaka 1874 haikuhesabiwa hivyo. Iliitwa ushahidi. Na kweli ilikuwa ushahidi, tena wenye thamani kuliko ubao wa fundi wa London, kwa maana hapa mikono iliyotengeneza na macho yaliyoona yalikuwa ya watu wale wale.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitoa nishani 60 kwa wafuasi waliosindikiza mwili ule, kila nishani ikichorwa jina la mwenyewe ukingoni. Wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Hata hivyo hapa, kwa mara ya kwanza, neno "kuchora" linarudi kwenye maana yake ya asili: ncha imekata madini, na kilichokatwa ni jina la mpagazi.

VI. Kuta za Bayeye

Wasafiri walizoea kuandika kwamba Mwafrika huogopa picha. Mfano unaotajwa sana umo katika kitabu cha Livingstone cha mwaka 1857. Mwezi Januari 1854, mbali kusini na magharibi ya Tabora, alimwonyesha Mtemi Shinte picha kwa taa ya kuangazia ukutani. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe. Kipande cha kioo kilipovutwa, kisu kikaonekana kama kinawajia watazamaji, na wanawake wakakimbia wakipiga kelele. Msomaji wa Ulaya alicheka. Lakini waliokimbia hawakukosea katika kuielewa picha. Waliona baba anataka kumchinja mwana, na wakaogopa kisu. Shinte mwenyewe alibaki ameketi, na mwishoni akakichunguza chombo kilivyofanywa. Katika jioni moja walionekana aina mbili za watazamaji ambazo hupatikana katika kila jumba la sanaa: wanaoguswa na jambo lililochorwa, na wanaotaka kujua limechorwaje.

Katika Unyamwezi na Usukuma kwenyewe picha hazikuwa ngeni. Chama cha Bayeye, yaani mafundi wa nyoka, kilikuwa na nyumba zake ambazo kuta za ndani zilichorwa kwa rangi za udongo, nyeupe, nyekundu na nyeusi: nyoka, wanyama, maumbo ya watu, na viumbe vya hadithi. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtafiti wa mila katika serikali ya Tanganyika, alizitafuta picha hizo na kuzitolea kitabu London mwaka 1953. Hati nyingi za Cory zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Picha za Bayeye zatofautiana na zile za vitabu vya safari kwa mambo mawili. Kwanza, hazikuwekwa hadharani. Zilikuwa ndani, kwa ajili ya wanaofundishwa, na mtazamaji hakuzifikia ila kwa kupitia mwalimu. Kutazama peke yake hakukutosha. Picha ilihitaji maneno, na maneno yalikuwa na wenyewe. Umbo lililochorwa lilikuwa la mtu au kiumbe ambaye waliomo chamani walimjua habari zake. Huko swali la nani huyu halikuwa la kitoto. Lilikuwa ndilo somo lenyewe.

Pili, zilikuwa picha za kufa. Ukuta wa udongo huliwa na mvua na mchwa, nyumba ikihamwa picha huenda nayo. Waliozichora hawakulalamikia jambo hilo, kwa kuwa kilichohifadhiwa kilikuwa elimu vichwani mwa watu, na ukuta ulikuwa mahali pa kuitolea tu. Hapa pana hasara na pana faida. Hasara ni kwamba leo picha nyingi zajulikana kwa kitabu cha Cory, nje ya nyumba na bila ya mwalimu. Faida ni kwamba zilipokuwa hai hazikupata kutenganishwa na majina yake. Picha ya London ilidumu, ikapoteza majina. Picha ya Unyamwezi ilishika majina, ikapotea yenyewe.

VII. Wasanii wa zama hizi

Katika karne ya 20 wachoraji wa Tanganyika walianza kujijibia swali hili wenyewe. Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagani mwaka 1923, akasomea Makerere na London, alichora watu wa kijijini kazini na arusini. Picha yake moja ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960, kabla ya uhuru wa nchi yake. Watu wake wana nyuso ndogo zisizo na alama za kumtenga mtu na mtu. Mtazamaji aliyezoea picha za Stanley huweza kudhani ni umati ule ule usio na majina. Si hivyo. Katika picha ya Ntiro hakuna mgeni katikati anayewageuza wengine kuwa umati. Wote wamo katika kazi moja, na kijiji kizima ndicho mwenye jina.

Huko Ujiji, mahali pa makutano, kwa miaka mingi jumba dogo la kumbukumbu lilikuwa na sanamu mbili kubwa za karatasi iliyopondwa na kugandishwa, Stanley na Livingstone wakiinuliana kofia, pamoja na picha za mchoraji wa hapo juu ya ukuta. Mtu aweza kuzitazama sanamu zile kwa tabasamu, kwani ufundi wake ni wa unyofu na zaonyesha mapenzi ya aliyezifinyanga. Lakini akikumbuka picha ya mwaka 1872 atastuka. Picha ile, pamoja na makosa yake, ilikuwa na umati. Katika sanamu za karatasi umati wenyewe umeondoka. Wamebaki wawili, katika mji ambao wenyeji wake ni wajukuu wa wale waliosimama pembeni. Mikono ya hapo hapo imekamilisha kazi iliyoanzwa na ubao wa London.

Kinyume cha hayo ni kazi ya Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, na aliyepata Tuzo ya Turner mwaka 2017. Mwaka 2004 alionyesha kazi aliyoiita Naming the Money, ambayo kwa Kiswahili ni kama kuitaja fedha kwa majina. Ni maumbo 100 ya watu, marefu kama watu, yaliyokatwa katika mbao nyembamba na kutiwa rangi kali: wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa miti, wachora ramani na wengineo. Ni Waafrika waliofanywa watumishi katika majumba ya wakubwa wa Ulaya. Kila mmoja ana majina mawili, la kwao na la kubandikwa, na ana kazi mbili, aliyoijua na aliyopewa. Nyuma ya umbo pamebandikwa karatasi kwa mfano wa hati ya hesabu, na sauti zasikika zikitaja majina. Mtazamaji hasimami mbele ya kazi hii. Hupita ndani yake, na baada ya hatua chache hujikuta amekuwa mmoja wa kundi.

Kazi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya Tabora. Walakini mwenye kuijua habari ya Kwihara hawezi kusikia jina la kwao na jina la kubandikwa bila ya kumkumbuka Kalulu. Watazamaji wataipokea mbalimbali. Mmoja atafurahia rangi, kwa sababu ni rangi za sherehe. Mwingine ataona uchungu kwamba mapambo ni mazuri hivyo juu ya watu walionunuliwa. Wote wawili wana haki, na kazi ingekuwa dhaifu kama ingemruhusu mmoja tu.

Mwanahistoria anaweza kuleta hoja moja ya haki: majina yale msanii ameyabuni. Ni kweli, na hakuwa na njia nyingine, maana hati za Ulaya hazikumwachia ya kweli. Lakini hoja hiyo yamrudia mwenye kuitoa. Kwa njia ya Tabora majina mengi yako. Yamo katika vitabu vya Stanley, na kile cha mwaka 1878 kina orodha ya waliofia safarini, Kalulu akiwamo. Yako kwenye nishani 60. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao Ituru karibu na Tabora, aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na humo watu wa bara hutajwa kwa majina kila ukurasa, ingawa ni watemi na matajiri zaidi kuliko wapagazi. Pale msanii alipolazimika kubuni, mtafiti hana udhuru wa kutotafuta.

Mwaka 2006 njia hii iliingizwa katika orodha ya matarajio ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Kwihara na Ujiji ni miongoni mwa vituo sita vilivyotajwa. Siku zitakuja za kutengeneza picha nyingine, sanamu nyingine na maonyesho mengine. Gharama yake itakuwa kubwa, na mabishano juu ya mtindo hayatakosekana. Jambo moja halina gharama. Chini ya picha ya makutano ya Ujiji, popote itakapotundikwa, darasani au jumbani, na yaandikwe majina ya Susi, Chuma, Bombay, Selim, Muhammad bin Sali na Muhammad bin Gharib, na nafasi iachwe kwa wasiojulikana bado. Mtoto wa Ujiji atakapokuja na kuweka kidole juu ya uso mmoja, mwalimu wake awe na la kumjibu.